Tulivyozivisha Bunduki Zetu

Televisheni ikionyesha askari wa doria amening'iniza bunduki begani, chuma kinameremeta juani na pete za mkanda zinalia kila akipiga hatua, mimi huinuka nikaizima. Watoto wangu hulalamika kwamba nimewakatizia filamu. Nawaambia huyo si mtu wa doria, huyo ni bwana harusi, na wezi walishamsikia tangu alipotoka kwao. Wananicheka. Mama yao huwaambia waniache, kwamba baba yao anaweza kusahau siku ya kulipa karo lakini hawezi kusahau kelele ya pete ya bunduki.

Ni kweli, siwezi. Siku hizi naendesha lori langu mwenyewe. Napeleka sukari na unga Kulamawe na Sericho, narudi Isiolo na mbuzi. Ni kazi ya ukoo wetu. Babu wa baba yangu aliletwa mji huu akiwa amevaa viatu vya jeshi la mkoloni, vita vilipokwisha akapewa mahali pa kukaa, na wajukuu wake wakanunua malori. Mimi nilipokuwa kijana niliona lori ni jela yenye magurudumu, nikajiunga na jeshi ili nilikimbie. Jeshi likaangalia leseni yangu, likanipa lori.

Nililiendesha kwa hasira, nikiwabebea wenzangu maji na maharagwe, mpaka koplo mmoja wa upelelezi akaja kuniulizia. Alikuwa Mturkana wa upande wa Ngare Mara, mwembamba, mtu wa kukutazama kwanza halafu akusalimie baadaye. Alisema amenitazama mara nyingi nikishuka kwenye lori.

"Wewe unafunga mlango polepole," akaniambia. "Wengine wote wanabamiza. Nani alikufunza?"

"Mama. Hataki kelele kwa nyumba."

"Basi mama yako ameshaanza kazi yangu. Nitakuchukua. Lakini sikia. Tukienda huko, ukifanya tuonekane, iwe ni kelele, iwe ni ujinga, unarudi kwa lori yako. Hakuna kuomba msamaha."

Nilikubali kabla hajamaliza. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka kubaki na watu wale. Na kila nilipopita uwanjani pale kambini niliona lori langu la zamani limeegeshwa, tangi limejaa, kama mke wa kwanza anayejua utarudi tu.

Tulikuwa wanne: koplo, mtu wa redio ambaye alikuwa Mmeru mwenye maneno mengi, mhudumu wa majeruhi ambaye hakuwa na maneno kabisa, na mimi. Kazi yetu haikuwa kupigana. Mifugo ilipoibwa, sisi tulitangulia kwa miguu, tukajificha karibu na kisima au njia, tukaangalia nani anapita na nini na anaelekea wapi, kisha redio ikanong'ona. Kikosi kikubwa kilikaa mbali na malori yake kikingoja mnong'ono huo. Ukilazimika kufyatua risasi, kazi imeharibika. Watu wanne hawawezi kupimana nguvu na genge lenye silaha, na ngamia aliyepigwa risasi harudi kwa mwenyewe.

Sasa, bunduki ikitoka ghalani haijui habari ya kujificha. Siku ya kwanza koplo alinikabidhi yangu akaniambia niruke. Nikaruka. Bunduki ikalia. Akanionyesha kwa kidole ilipolia, nikapafunga, nikaruka tena, ikalia pengine. Tulikwenda hivyo asubuhi nzima, mimi narukaruka kama mtoto kwenye mvua na wenzangu wamekaa kivulini wanakunywa chai. Nilipomaliza, niliruka nikasikia viatu vyangu tu.

Pete za mkanda zilitoka, na mkanda wenyewe ukabaki kambini. "Bunduki ikining'inia, macho pia inaning'inia," alisema koplo. Aliamini kwamba mtu akiwa na mkanda anabeba bunduki kama mkoba wa kwenda sokoni, na asipokuwa nao mikono haina budi kukesha. Kilichotikisika tulikibana kwa blada, ile mipira ya tubu kuukuu ambayo watu wa pikipiki hufungia mizigo. Ndani ya kitako mlikuwa na vifaa vidogo vya kusafishia, navyo tukavisindilia pamba. Kuhusu mafuta, koplo alikuwa bahili. Kambini mafuta ni dawa, lakini nyikani yakikutana na vumbi yanakuwa ugali, kwa hiyo tulipangusa mpaka kidole kikatoka kikavu na tukaacha unyevu kidogo mahali pachache alipotuonyesha yeye.

Halafu kulikuwa na suala la umbo. Mimi nilidhani weusi wa bunduki unaificha. Koplo akanikalisha mbele ya kichaka akasema, "Nionyeshe hapo kitu nyeusi na imenyooka." Nikatafuta. Miiba ilikuwa imepinda, matawi yamepinda, hata vivuli vimepinda. Katika nchi ile yote, kitu pekee kilichonyooka kilikuwa mapajani mwangu. Ndiyo maana tulizivisha bunduki matambara, tukayafunga kwa mafundo yasiyolingana ili mstari ule uvunjike. Tuliyabadilisha kufuatana na mahali. Karibu na Gotu mawe ni meusimeusi, Kulamawe udongo una wekundu, na ukielekea Sericho vumbi ni la kijivu. Majani mabichi koplo hakuyataka. Yakifika adhuhuri yamenyauka, na kichaka kilichonyauka katikati ya vichaka vizima humwita hata asiyekuwa na haja.

Kila mtu alikuwa na ujuzi wake. Mhudumu wa majeruhi alizungushia yake bendeji alizozitia rangi kwa majani ya chai, ili mtu akiumia azifungue papo hapo. Mtu wa redio alikuwa amefunika kitako, pale shavu linapolala, kwa soksi ya mtoto wake mchanga. Alisema ni kwa ajili ya jasho. Hatukumbishia. Na sharti la koplo lilikuwa moja: hakuna kukata, hakuna kutoboa, hakuna kupaka rangi. Tukirudi, kila tulichokivisha kitavuliwa, na mtunza silaha apokee bunduki kama alivyoitoa. Nimeona mafundi wengi tangu hapo, wa injini na wa mbao, lakini sijaona watu wanaofanya mengi hivyo juu ya kitu bila kukiachia alama. Niliwahusudu, na nilitaka kuwa mmoja wao.

Lililobaki ni mdomo wa mtutu. Upepo wa Isiolo mnaujua. Vumbi likiingia mtutuni ni balaa, na askari dunia nzima, sijui nani aliwafundisha, huvisha mdomo wa bunduki kondomu. Ni nyepesi, haipitishi mchanga, na zahanati inazitoa bure. Nami nikachukua boksi zima nikalitia kwenye begi, nikaenda nyumbani likizo nikiwa nimelisahau.

Mama yangu alikuwa mtu wa kufua kila kitu. Begi la mgeni halikumaliza saa moja mlangoni kwake kabla halijafunguliwa. Nilikuwa nakunywa chai ya maziwa ya ngamia aliposimama mbele yangu na lile boksi kiganjani.

"Hii ni nini?"

"Ni ya bunduki, hooyo." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali.

"Ya bunduki."

"Wallahi. Inavalishwa kwa mdomo yake, vumbi isiingie."

Akaligeuza boksi. "Na hiyo bunduki yako imeoa?"

Niliapa, nikaeleza, nikachukua fimbo ya ufagio nikamwonyesha mdomo uko wapi na vumbi linaingiaje. Hakuniamini hata kidogo. Lakini mama yangu alikuwa na akili ya kumaliza ubishi bila kushindwa. Alisema kama kweli ni ya bunduki, basi yeye atashona kitu cha heshima zaidi, na kama si ya bunduki, Mungu anaona. Boksi likapotea. Akavuta cherehani yake uani.

Nilitazamia kofia ndogo ya kitambaa. Yeye aliuliza maswali ya fundi anayempima mteja: inapinda wapi, wapi panashika moto, vidole vinataka wapi pasiwe na kitu. Alikata kikoi kikuukuu cha marehemu baba, akakata gunia la sukari, akachovya vipande vingine kwenye maji ya udongo mwekundu niliomchotea barabarani. Akashona mikono mirefu, kama ya shati, ya kuvisha bunduki nne, yenye matambara yaliyoning'inia bila mpangilio, na kila moja na kofia ya mdomo iliyofungwa kwa uzi ambao ukiuvuta mara moja inadondoka. Alishona siku za likizo yangu zote, miwani puani, akinisuta kwamba jeshi zima halina hata mtu mmoja anayejua kupinda mshono. Mwishowe nilikaa tu karibu yake nikimtazama. Mikono yake na mikono ya koplo, nilifikiri, inajuana.

Alipomaliza alifua kazi yake yote, ikakauka, akaitandaza juu ya chetezo. Kwetu nguo haiondoki nyumbani kabla haijafukizwa uunsi, ule ubani unaopikwa na sukari na manukato mpaka unakuwa mweusi. Baba yangu aliendesha lori njia ya Moyale enzi za barabara mbaya na watu wabaya, na hakuna safari aliyotoka bila kikoi chake kupita juu ya moshi ule huku mama akimsomea dua. Alirudi kila mara. Alikuja kufa kitandani mwake, amelala. Kwa hiyo katika hesabu ya mama yangu, moshi ule na kurudi salama vilikuwa kitu kimoja. Nilimwona akiinama juu ya chetezo, midomo ikicheza, anageuza matambara ya bunduki upande huu na upande huu, na haikunijia kabisa kwamba kuna neno la kusema. Nilikulia katika harufu hiyo. Kwangu ilikuwa harufu ya hewa tu.

Akayafunga ndani ya mfuko wa plastiki yasiingie vumbi, na nikarudi kambini nikiringa.

Koplo aligeuza mshono ndani nje, akavuta uzi, kofia ikadondoka. Akavuta tena. "Mama yako angekuwa jeshini," akasema, "sisi wote tungekuwa jikoni." Sijui kama nimewahi kujisikia mrefu kama siku ile. Pua yake ilikuwa imeziba kwa mafua ya vumbi, anapumua kwa mdomo. Mhudumu wa majeruhi alinusa akatabasamu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema, hakusema. Mtu wa redio peke yake ndiye aliyeuliza, tulipobanana ndani ya gari na moshi wa dizeli, nani amejipaka manukato. Tukamcheka. Tukamwambia ni ile sabuni yake.

Na hilo ndilo linalonichekesha na kuniuma mpaka leo. Koplo alikuwa ametukataza sabuni tangu siku nyingi kabla ya safari. Hakuna sabuni, hakuna dawa ya meno, hakuna sigara, hakuna vitunguu. Tulinuka kama mafahali. Tukaichunga miili yetu kwa adabu zote, kisha tukaenda kujificha na bunduki zinazonukia kama chumba cha bi harusi.

Ngamia wa familia moja ya Kiborana walikuwa wameibwa ng'ambo ya Kulamawe. Wanaume wao walifuata nyayo zikawapotea penye mawemawe. Ilikuwa kiangazi, na laga yote, yaani ule mto wa mchanga, ilikuwa imebaki na kisima kimoja chenye maji. Wezi walikuwa wamewaficha ngamia vichakani mahali fulani, na hata mwizi hawezi kuendesha ngamia wenye kiu mpaka mbali. Wangekuja kisimani. Tuliingia kwenye kichaka cha miiba juu ya ukingo kabla jua halijatoka, tukavisha bunduki zetu, tukalala kifudifudi. Kulipopambazuka nilijitazama, nikawatazama wenzangu, na sikuona mtu wala bunduki. Niliona kichaka. Nilimshukuru mama kimoyomoyo.

Jua lilipopanda, upepo wa asubuhi ukaanza kutoka nyuma yetu kuteremkia kisimani. Na hapo akaja mwanamke mzee na mbuzi wake. Watu wote walikuwa wameambiwa wasikaribie laga, lakini mbuzi hawajui mambo ya usalama, wanajua kiu. Aliwanywesha taratibu. Halafu nikamwona amesimama, amenyanyua uso, anageuza kichwa polepole. Akawaswaga mbuzi wake kupanda ukingo, moja kwa moja kuelekea kwetu.

Moyo wangu ulianza kupiga juu ya mchanga. Alikuja mpaka tungeweza kumgusa upindo wa nguo. Hakututazama. Alitupa mgongo, akakamata mbuzi mmoja mguu, akachutama kana kwamba anatoa mwiba, na akaanza kusema na mbuzi.

"Nani anachoma ubani porini?" akamwuliza mbuzi. "Azime."

Akamshika mbuzi mguu mwingine.

"Mimi nimesikia harufu kutoka kisima. Mimi mzee, pua yangu imechoka. Kijana mwizi, pua yake haijachoka."

Koplo akanong'ona chini ya miiba, akimwita bibi kwa Kiborana. "Akko, sisi ni watu wa serikali."

"Serikali siku hizi inanukia harusi?"

Nikajua. Nilivuta tambara la bunduki yangu puani, nikanusa kwa nguvu kama mtu anayetafuta jambo asilotaka kulipata, na mama yangu akanijia mzima mzima pale kichakani, na ua wetu, na chetezo. Koplo alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anafikiri, na kwangu hilo lilikuwa baya zaidi. Tulikuwa tumeonekana. Niliona lori langu kule kambini, tangi limejaa.

Bibi yule alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi. "Nipe hizo nguo. Haraka. Hao walichukua ngamia ya watoto yangu, wako huko ng'ambo, jana nimesikia ngamia yangu analia. Wakija wakute harufu hii, watapiga nyinyi, na ngamia wataenda."

Tukazivua bunduki, tambara moja baada ya jingine, tukazipitisha nguo zile chini ya miiba. Alizikalia. Tulimsikia akiendelea kumsema mbuzi huku mikono yake ikifanya kazi. Alizisugua na mavi mabichi ya mbuzi, akazitupa chini ya kundi zikakanyagwa na kukojolewa, akazikung'uta, akazinusa, akazisugua tena. Alipozirudisha, kazi ya mama yangu ilikuwa imebaki mshono tu. Tulizivisha bunduki tena. Nilifanya kwa haraka, lakini bunduki haikulia.

"Nagaa," akasema kwa sauti ya kawaida, akimuaga yule mbuzi. Maana yake ni amani. Aliwaacha mbuzi wachache nyuma makusudi wakila miiba kando yetu, akaondoka na wengine bila kuharakisha. Nimeona watu wakipewa nishani kwa mambo madogo kuliko yale.

Wezi walikuja jua lilipoanza kuinama. Kwanza walimtuma mmoja kukagua. Alipanda ukingo kwa upande wetu, akaja mpaka nikaona makubadhi yake ya matairi na vidole vyake vya miguu, kimoja hakina kucha. Alisimama. Alivuta hewa, kweli kabisa, nilisikia pua yake. Mbuzi mmoja akalia kando ya kichwa changu. Yule mtu akatema mate, akasema neno moja la dharau juu ya mbuzi, akageuka akawapungia wenzake mkono. Wakashuka na ngamia. Mtu wa redio, yule mwenye maneno mengi, alisema maneno machache kuliko aliyowahi kusema maishani mwake, na kikosi kikubwa kikawakuta mbele, kwenye uwanda usio na kichaka. Hakuna risasi iliyopigwa. Waliona wamezungukwa, wengine wakatupa silaha, wengine wakakimbia, na ngamia wakabaki wamesimama wanatafuna kama mambo hayo hayawahusu.

Tulipofika kambini nilikwenda kwa koplo mwenyewe, kabla hajaniita. Nilisema nipo tayari kwa lori.

Alikuwa anaivua bunduki yake. Alilitazama lile tambara, akalikunja vizuri, harufu na yote.

"Hii kitu imeshonwa vizuri sana," akasema. "Huyo mwizi alitazama sisi na hakuona. Alinusa na hakuona. Hiyo ya kuona ni mama yako. Hiyo ya kunusa ni yule akko. Wewe utabaki. Lakini mama lazima aambiwe, na ni wewe utamwambia. Si mimi."

Nilicheka kwa furaha. Kisha nikaelewa alichonipa, nikaacha kucheka.

Nilimwambia uani, mchana, akiwa amekaa karibu na cherehani. Nilikuwa nimefikiria kumzungusha, kwamba jeshi limebadilisha kitambaa, kwamba kuna amri mpya. Lakini mama yangu hazungushwi. Nikamweleza yote: upepo, bibi na mbuzi, pua ya mwizi juu ya kichwa changu. Aliacha kusokota uzi. Nilidhani atanigombeza, na ningemshukuru kwa hilo.

"Kwa hiyo ile dua yangu," akasema mwishoni, "ilikuwa inaita wao."

"Hooyo, si dua. Ni harufu tu."

"Mimi sikuwahi kutenganisha."

Akanyanyuka akaingia ndani, akafunga mlango polepole kama kawaida yake. Sikuwahi kuuchukia mlango kama siku ile. Nilikaa na kikombe cha chai mpaka kikapoa, nikijiona mtu mbaya, ingawa sikuweza kuona ni wapi ningefanya vingine.

Likizo iliyofuata nilifika nyumbani nikasimama kizingitini nikidhani nimekosea mlango. Nyumba ya mama yangu, ambayo ungeweza kula chakula sakafuni, ilinuka zizi. Alikuwa amenunua mbuzi wawili, akawafunga uani alikokuwa akipanda maua kwenye makopo. Na chini ya kwato zao, kwenye majimaji na mavi, yalitandazwa matambara mapya ya bunduki nne. Alikuwa ameyalaza hapo kwa siku nyingi, akiyageuza kwa fimbo kila asubuhi, na majirani walianza kunong'ona kwamba mama wa watu amechanganyikiwa.

Siku ya kuondoka aliyatoa mwenyewe. Mwanamke ambaye hakuwahi kumruhusu mtu aketi kwenye mkeka wake na vumbi miguuni, aliyakunja matambara yale kwa mikono yake, moja juu ya jingine, uso umegeuzwa pembeni na upindo wa kilemba chake umefunika pua. Chetezo kilikuwa baridi mahali pake. Nilikitazama, naye akaniona nikikitazama.

"Hicho ni cha kurudi," akasema. "Ukirudi nitakuwashia moshi mpaka ukohoe."

Alinipa mfuko. Midomo yake ilikuwa inacheza, anasoma dua bila moshi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Kisha akanisogelea, mimi ambaye nilikuwa sijaoga kwa sabuni tangu Ijumaa, akaninusa shingoni kama alivyokuwa akininusa utotoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Haya nenda," akasema. "Sasa hata mimi nikikupita siwezi kukujua."